Juu ya Harufu ya Jasho katika Ofisi Zetu

Katika mkutano wa tawi letu uliopita lililetwa shauri kwamba Chama kiandike tangazo, libandikwe ukutani katika kila ofisi, kuwaonya watumishi juu ya harufu ya jasho. Shauri hilo halikukatwa, maana saa zilikuwa zimekwisha, na Bwana Mwenyekiti akaliahirisha mpaka mkutano ujao. Kwa hiyo naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kwa nini mimi silikubali tangazo hilo, na ni jambo gani nionalo kuwa lafaa kufanywa badala yake. Najua ya kuwa wako wenzetu watakaosema kwamba neno la kikwapa si la kuandikwa katika karatasi ya Chama. Haya yao naiheshimu, walakini neno hili lanong'onwa kila siku nyuma ya makabati ya mafaili, na huko linakonong'onwa limekwisha kuwadhuru watu.

Kwanza yafaa tujue jasho ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu twalisingizia. Jasho lenyewe litokapo mwilini karibu halina harufu. Ngozi ya mtu ina tezi za jasho zipatazo milioni 2 hadi 4, nazo ni za namna mbili. Namna ya kwanza imeenea mwili mzima, nayo hutoa maji na chumvi ili kuupoza mwili; hili ndilo jasho limtokalo mkulima shambani na tarishi njiani. Namna ya pili hukaa kwapani, kinenani na mahali pengine pachache, nayo huanza kazi mtu anapobaleghe. Ndiyo sababu mtoto mdogo hucheza juani mchana kutwa akarudi nyumbani ananuka vumbi tu. Tezi hizi za pili hutoa kitu kizito kidogo, chenye mafuta ndani yake, na juu ya ngozi ya kwapa viko vijidudu vinavyokila kitu hicho. Masazo ya chakula chao ndiyo harufu tuisikiayo. Kimoja katika vijidudu hivyo chaitwa Staphylococcus hominis, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha York huko Uingereza wameeleza katika miaka ya karibuni jinsi kinavyolivunja jasho mpaka likatoa harufu kali. Basi vitu vinavyohitajiwa ni vitatu: jasho, vijidudu, na muda wa kukaa pamoja mahali pa joto na unyevu. Atakayeondoa kimojawapo ameiondoa harufu, awe tajiri au maskini.

Nayaandika haya kwa kirefu kwa sababu neno la harufu lina historia mbaya katika nchi zetu. Siku za ukoloni walikuwako Wazungu wengi waliosema, na wengine wakaandika, ya kuwa Mwafrika ananuka kwa asili yake. Neno hilo likawa udhuru wa kutenga meza, na vyoo, na mahoteli. Wazee wetu wa kazi hii ya kalamu, wale walioanzisha huko Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, Martin Kayamba akiwa mbele yao, waliishi na kufanya kazi katikati ya maneno hayo. Na hata leo, mtumishi anapoambiwa kwamba ananuka, mara nyingi hasikii habari ya shati lake. Husikia tusi lile la zamani. Mtu asiyelifahamu jambo hili hawezi kuandika tangazo jema, hata akijua sarufi namna gani.

Elimu imekwisha kulikata tusi hilo, na nashangaa kwamba habari zake hazikuenea zaidi. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walitambua jeni moja, iitwayo ABCC11, inayoamua kama nta ya masikio ya mtu itakuwa ya majimaji au kavu. Baadaye ikaonekana kwamba jeni hiyo hiyo huamua, kwa sehemu kubwa, kama kwapa lake litanuka. Wakorea karibu wote, na wengi sana katika Wachina na Wajapani, wana nta kavu, na kikwapa chao ni kidogo mno. Lakini Wazungu walio wengi na Waafrika walio wengi wana nta ya majimaji, na makwapa yao ni ya kundi moja. Basi yule bwana mkubwa aliyeziba pua mbele ya karani wake alikuwa amechukua kwapa la namna ile ile ndani ya koti lake.

Tena Wazungu wenyewe walitiwa haya hii na wafanyi biashara. Huko Cincinnati, Marekani, daktari mmoja mpasuaji alikuwa ametengeneza dawa ya kukausha jasho la mikono yake wakati wa kupasua wagonjwa. Binti yake, Edna Murphey, akaiuza kwa watu wa kawaida kwa jina la Odorono, ipakwe kwapani. Mwaka 1919 likatokea tangazo la dawa hiyo katika gazeti la Ladies' Home Journal, likawaambia wanawake kwamba huenda wananuka wasijue. Wasomaji wengine walikasirika hata wakaacha kulinunua gazeti lile. Walakini dawa ikauzwa zaidi kuliko mwanzo. Njia hiyo hiyo ikaletwa Afrika. Mwanahistoria Timothy Burke ameandika kitabu, kilichotoka mwaka 1996, juu ya biashara ya sabuni na vipodozi katika Zimbabwe, akaonyesha jinsi maneno ya walowezi juu ya miili ya Waafrika yalivyochanganyika na matangazo ya wauza sabuni. Sisemi sabuni ni mbaya. Nasema kwamba haya ya kikwapa imekuwa bidhaa kwa zaidi ya miaka 100, nasi tusiwe mawakala wake bila mshahara.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, palikuwa na karani kijana aliyewekwa dirishani kupokea fomu za watu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na wazee waliokuja kuuliza habari zao walimpenda kwa kuwa hakuwakaripia. Jumatatu moja akaambiwa ahamie stoo ya mafaili ya zamani. Hakupewa barua wala sababu. Kijana yule akadhani ameshtakiwa kwa wizi, na kwa majuma matatu akawa anajiuliza ni fedha za nani zilizopotea. Halafu asubuhi moja akakuta juu ya meza yake kipande cha sabuni kilichofungwa katika gazeti, na wenzake wote wameinamia kazi zao kana kwamba hawakuona kitu. Hapo akafahamu. Mwezi haukwisha akaomba uhamisho, naye hakuaga.

Mimi nalimjua kwa kuwa tulikaa mtaa mmoja. Alikuwa akioga kila siku alfajiri, mbele ya foleni ya wapangaji wenzake, kwa ndoo aliyoinunua. Shida yake ilikuwa mashati. Alikuwa na mashati mawili tu ya kazi, yote ya poliesta, aliyoyafua usiku na kuyaanika chumbani kwa sababu ya mvua na wezi. Shati lililokauka kivulini kwa siku nzima, tena katika chumba kisicho na upepo, huwa na vijidudu vyake tayari kabla mwenyewe hajalivaa. Likipata joto la mwili, na hata joto la pasi, harufu huamka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent huko Ubelgiji walilinganisha mwaka 2014 fulana za pamba na za poliesta zilizovaliwa na watu 26 katika mazoezi, na zile za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Basi kijana yule alihitaji shati la pamba na kamba ya kuanikia juani. Alipewa sabuni, ambayo alikuwa nayo, na aibu, ambayo hakuistahili.

Tangazo la ukutani lingemsaidia nini? Lingemwambia aoge, naye alikuwa akioga. Tena liko jambo jingine ambalo waleta shauri hawakulifikiri. Pua ya mtu huizoea harufu yake mwenyewe, na baada ya muda haiisikii kabisa. Kwa hiyo mwenye kikwapa hulisoma tangazo akadhani ni la jirani yake, na msafi mwenye wasiwasi hulisoma akadhani ni lake. Najua watumishi wasiotoa harufu yoyote ambao hukaa mbali na watu, na kunawa mara kumi kwa siku, kwa hofu tu. Hao ndio tangazo litakaowapiga.

Niseme maneno machache juu ya dawa zenyewe, kwa maana nimesikia mengi ya ajabu. Dawa ya kwanza ni maji na sabuni asubuhi na jioni, kwapani, kinenani na miguuni, kisha kujikausha sawasawa kwa taulo lililo kavu. Mwenye maji kidogo asianze kwa kujimwagia kichwani. Nusu ndoo yatosha ikiwa ataanza mahali penye tezi hizo, akasugua kwa dodoki au kitambaa, akasuuza kwa kopo, na maji yatakayobaki ndiyo ayamwage mwilini. Kuzinyoa au kuzipunguza nywele za kwapa, kama walivyozoea watu wengi wa pwani, kwasaidia kwa sababu sabuni hufika kwenye ngozi.

Dawa ya pili ni nguo. Shati lililovaliwa siku moja ya joto lisivaliwe ya pili, hata likionekana jeupe. Fulana ya pamba ndani yake hunywa jasho, nayo ni rahisi kuifua kila usiku kuliko shati zima. Sehemu ya kwapa ya shati igeuzwe nje wakati wa kufua na kuanika, ili jua liipate. Viatu vya kufunika navyo vyataka siku ya kupumzika. Avaaye jozi moja kila siku, na soksi za jana, asiulize kwa nini wenzake hufungua dirisha.

Dawa ya tatu ni vya kupaka, na hapa ndipo maneno yalipo mengi. Kuna dawa za dukani za namna mbili: moja hupambana na vijidudu na kutia harufu nzuri, nyingine ina chumvi za alumini nayo huziba njia za jasho kwa muda. Hii ya pili hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku juu ya ngozi kavu, wakati jasho ni kidogo. Wengi wetu huipaka asubuhi juu ya ngozi yenye maji, kisha huilaumu. Yale madoa ya manjano kwenye makwapa ya mashati meupe mara nyingi hutokana na chumvi hizo zikichanganyika na jasho. Wengine wameikimbia kwa sababu wameambiwa huleta saratani ya matiti. Waganga waliolichunguza jambo hilo hawakupata uthibitisho wake, ijapokuwa mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa figo yafaa amwulize daktari wake kwanza. Na linalonichekesha ni kwamba wengi waikimbiao alumini ya dukani huenda sokoni kununua shabu. Shabu ni dawa nzuri, ya zamani na ya bei ndogo: huloweshwa kidogo na kupitishwa kwapani baada ya kuoga. Lakini shabu nayo ni chumvi ya alumini. Juu ya ndimu siwezi kusema mema mengi. Ni kweli hupunguza harufu kwa saa chache, illa huwasha, hasa baada ya kunyoa, na ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua huweza kubabuka vibaya.

Marashi nayataja mwisho kwa kuwa hayaondoi kitu. Mama zetu wa pwani hufukiza udi katika nguo zilizokwisha kufuliwa na kukauka; hawafukizi nguo chafu. Karani anayejimwagia manukato juu ya jasho la jana huzaa harufu ya tatu, ambayo haina jina, na abiria wa daladala waijua.

Tena si kila harufu ni ya uchafu. Vitunguu saumu huonekana katika pumzi na jasho, na uwatu hutia jasho harufu ya utamu wa sukari iliyoungua. Hayo hupita yenyewe. Lakini mtu anayetokwa na jasho jingi mno hata akiwa ametulia kivulini ana ugonjwa unaojulikana na kutibiwa, naye aende hospitali. Wako wengine, si wengi, ambao miili yao hushindwa kuvunja kitu kimoja kitokacho katika vyakula kama samaki, mayai na maharagwe, na kwa hiyo hutoa harufu ya samaki aliyeoza. Hao hata wakioga mara tano haitoki. Daktari huwaeleza jinsi ya kupunguza vyakula hivyo. Na mwenzenu mwenye kisukari, pumzi yake ikianza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, tena akiwa na kiu kali au kutapika, msingoje kesho; mpelekeni hospitali saa ile ile. Sabuni juu ya meza ya mtu wa namna hii ingekuwa kitu gani?

Je, basi, tunyamaze? Hapana. Mwenzetu mwenye harufu yampasa kuambiwa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye asiyeisikia. Neno langu ni juu ya namna ya kumwambia. Aambiwe na mtu mmoja, mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke, rika lake au aliyemtangulia kidogo kwa umri. Aambiwe jioni kazi inapokwisha, wala si asubuhi, maana akiambiwa asubuhi atakaa saa nane mbele ya watu na neno hilo kifuani. Aambiwe kwa maneno ya wazi, mara moja, bila mafumbo na bila zawadi ya sabuni. Kisha aulizwe habari za maji, na za nguo, na za afya yake, kwa kuwa huenda sababu iko huko. Penye utani wa kweli, kama wa Mzaramo na Mnyamwezi, mtani aweza kulisema kwa kicheko na lisiumize. Lakini utani hauko kati ya mkubwa wa kazi na aliye chini yake, na mkubwa ajifanyaye mtani katika jambo hili ametukana. Na kumwondoa mtu dirishani bila kumwambia sababu, hilo Chama hakina budi kulikataa kwa maandishi kila litokeapo.

Lipo na jambo la matarishi wetu, ambalo nalo laonyesha jinsi tangazo lilivyokosea mlango. Tarishi hutembea na mafaili saa 6 za mchana kutoka jengo hili mpaka lile, amevaa sare ya kitambaa kizito cha poliesta, na katika ofisi nyingi nizijuazo amepewa sare moja tu. Arudipo amelowa, hana mahali pa kunawa ila bomba la uani, ambalo mara nyingi halina maji. Halafu makarani wanaokaa chini ya kiyoyozi hukunja nyuso. Mtumishi wa namna hii ataoshwa na karatasi ya ukutani?

Kwa hiyo katika mkutano ujao nitaomba shauri la tangazo liondolewe, na mahali pake Chama kiandike barua kwa wakuu wa kazi kuomba mambo matatu: kwamba kila tarishi apewe sare mbili za pamba badala ya moja, kwamba katika kila jengo liwekwe pipa la maji lenye mfuniko na chumba kidogo cha kunawia, kwa wanaume na kwa wanawake, na kwamba mtumishi asihamishwe kazi yake kwa sababu ya harufu kabla hajaambiwa faraghani na kupewa mwezi mmoja wa kulitengeneza. Barua hiyo nimekwisha kuiandika kwa mkono, nayo iko kwa Bwana Katibu. Mwenye kutaka kuisoma, au kuniunga mkono, au kunipinga, ampe jina lake kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi ili litiwe katika orodha ya wasemaji.